Hukumu ya Sikio: Ubora wa Hedifoni Unajulikanaje?

Kauli kwamba hedifoni fulani zina sauti nzuri inaweza kueleweka kwa namna mbili. Kwa namna ya kwanza inaeleza jambo lililomo ndani ya kifaa chenyewe, kama inavyosemwa kwamba kifaa kina uzito wa gramu 260. Kwa namna ya pili inaeleza kilichomo moyoni mwa msemaji, yaani raha aliyoipata aliposikiliza, na juu ya raha ya mtu hakuna wa kumbishia. Wanaohukumu hedifoni kubwa za kufunika sikio lote, zile za bei ya juu, hawazungumzi kama watu walioridhika na mojawapo ya maana hizo. Namba tupu haziwatoshi, na wakiambiwa kwamba hiyo ni ladha yao tu, hukataa. Hubishana, hutoa sababu, husahihishana, na pengine mmoja hurudi kusikiliza tena akakiri kwamba mwenzake alisikia vizuri zaidi. Ubishi wa namna hiyo una maana pale tu palipo na jambo la kupatia na la kukosea. Swali la kifalsafa ni jambo hilo ni lipi, na sikio linalijuaje.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alilishika swali la jumla mwaka 1757 katika insha yake juu ya kipimo cha ladha. Alikubali kwamba uzuri ni hisia ya anayeuona, lakini alikataa kwamba hisia za watu wote zina uzito mmoja. Mwenye hisi kali, aliyezoea kulinganisha, aliyejizoeza muda mrefu na asiyeelemea upande wowote, huyo hukumu yake inastahili kufuatwa, na makubaliano ya watu wa aina hiyo ndiyo kipimo. Immanuel Kant, mwaka 1790, alichora mstari mwingine. Kinywaji kikimpendeza mtu, husema kinampendeza yeye, na mambo yakaishia hapo. Akisema kitu ni kizuri, anadai kibali cha kila mwenye akili, ingawa hana hoja ya kumlazimisha mtu akitoe.

Hedifoni hazikai sawasawa kwa Hume wala kwa Kant, kwa sababu zenyewe si kazi ya sanaa. Kinachosikilizwa ni muziki, na hedifoni ni njia tu ambayo muziki huo unapitia. Hukumu juu yake kwa hiyo inauliza maswali ya aina ya pekee: kimepita nini, kimeongezwa nini, kimezuiwa nini njiani. Mtu anayejibu maswali hayo anatoa ushahidi. Anaeleza lililotokea mbele ya hisi zake, kwa faida ya wengine ambao hawakuwapo, na maneno yake yanaweza kuwa ya kweli, ya uongo, au ya kweli yaliyochanganyika na dhana. Kumtazama mhukumu wa hedifoni kama shahidi kunafungua mambo mengi yaliyofungwa na mabishano kati ya wanaotegemea vipimo peke yake na wanaotegemea sikio peke yake. Ushahidi una masharti yake, na masharti hayo yanajulikana.

Kifaa chenyewe kwanza. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna kiwambo chembamba kinachosukuma hewa. Katika hedifoni nyingi kiwambo hicho kimegundishwa koili ndogo ya waya iliyozama kwenye uga wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili huenda mbele na nyuma na kiwambo kikafuata. Kampuni ya Beyer ya Ujerumani ilitoa hedifoni za mtindo huu, DT 48, mwaka 1937, na msingi wake haujabadilika. Njia ya pili hutumia filamu nyepesi iliyotandazwa waya juu yake, ikaning'inizwa mbele ya safu za sumaku. Ndiyo njia ya Audeze ya Marekani. Ya tatu, iliyoanzishwa na Stax ya Japani karibu na mwaka 1960, haina koili kabisa: filamu yenye chaji ya umeme husukumwa na kuvutwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Kila njia ina watetezi wake, lakini mashine ya ndani haitoi hukumu. Zipo hedifoni za koili zinazozishinda za filamu, na kinyume chake.

Kazi ya kifaa huanza kuwa ngumu pale hewa inapokutana na sikio. Sikio la nje, pamoja na mfereji wake, hunyanyua masafa fulani kabla sauti haijafika kwenye ngoma ya sikio, hasa karibu na kHz 3. Spika iliyo sawasawa kabisa ndani ya chumba hufika kwenye ngoma ya sikio ikiwa imenyanyuliwa hapo, na ubongo umeyazoea hayo tangu utotoni kiasi cha kuyahesabu kuwa hali ya kawaida. Hedifoni lazima zifikishe mnyanyuko unaofanana na huo. Zisipofanya hivyo, sauti ya mwimbaji hurudi nyuma kana kwamba anaimba nyuma ya pazia. Tatizo ni kwamba masikio hayafanani. Ukubwa wake, mikunjo yake, urefu na upana wa mfereji hutofautiana, na jozi moja ya hedifoni huzaa sauti tofauti kidogo katika kila kichwa.

Wapo wanaochukua ukweli huu na kuhitimisha kwamba hukumu zote juu ya sauti ni maoni matupu. Hitimisho hilo linakwenda mbali mno. John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alieleza kwamba rangi, ladha na sauti ni nguvu zilizomo katika vitu za kuzalisha hisia ndani ya mtu. Nguvu ya namna hiyo ni ya kweli hata kama inahitaji mtu ili ionekane. Dawa moja humfaa mgonjwa mmoja kuliko mwingine, lakini hakuna tabibu anayesema kwa sababu hiyo kwamba ufanisi wa dawa ni maoni. Yanayotakiwa ni kusema dawa inafanya nini, kwa watu wengi kiasi gani, na nani atarajie matokeo mengine.

Hivyo ndivyo utafiti bora wa hedifoni ulivyofanywa. Kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman, Marekani, waliwaita wasikilizaji wa umri na uzoefu mbalimbali na kuwasikilizisha sauti zenye mizani tofauti. Wengi walipendelea mizani inayokaribia spika nzuri ndani ya chumba kizuri, yenye besi iliyonyanyuliwa kidogo. Olive aliripoti kwamba karibu 64% ya wasikilizaji waliangukia kundi hilo, 15% wakataka besi zaidi na 21% wakataka besi kidogo. Matokeo hayo yanamuunga mkono Hume kwa kiasi, kwa kuwa makubaliano yapo na ni mapana. Yanampa haki pia anayesema kwamba wachache si viziwi. Mtu mmoja kati ya watano anayetaka besi pungufu hana kosa la kusahihishwa, na mhukumu mwaminifu hutaja yuko kundi gani.

Baada ya hapo linakuja swali la uaminifu. Husemwa kwamba hedifoni bora ni zile zinazotoa sauti kama ilivyo. Kama ilivyo wapi? Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwa lebo ya His Master's Voice. Kilichobaki ni mifereji ya sahani ya santuri, iliyopokea sehemu tu ya masafa ya sauti yake na ya vyombo vilivyomsindikiza. Hedifoni za dola elfu kadhaa haziwezi kumrudisha Siti aliyeimba. Zinaweza kuifikisha sahani tu, pamoja na mkwaruzo wake, kwa uwazi ambao pengine unaumiza. Rekodi za siku hizi zina tatizo jingine. Fundi aliyezichanganya alikuwa akisikiliza kupitia spika zake mwenyewe, na kama spika hizo zilipunguza besi, aliiongeza. Anayezitumia rekodi hizo kupima hedifoni anapima kosa la mtu asiyemjua kwa kifaa asichokijua. Floyd Toole, mtafiti wa Kanada aliyefanya kazi miaka mingi katika uwanja huu, aliueleza mzunguko huu kwa kina, na haujavunjika.

Njia moja ya kuupunguza ni kuvitumia vyombo ambavyo msikilizaji amevisikia bila maikrofoni, na sauti za watu. Hapa msikilizaji wa pwani ana akiba. Aliyekaa karibu na kundi la taarabu Unguja, kama vile Ikhwani Safaa lililoanzishwa mwaka 1905, anajua ganuni inavyolia: risha iliyo kidoleni mwa mpigaji hukwanyua uzi kwa ncha kali ya sauti, kisha uzi huendelea kuvuma na kuchanganyika na jirani zake, na mvumo huo hufifia polepole bila kukatika. Hedifoni zilizonyanyuliwa mno masafa ya juu huifanya ile ncha ichome kama kioo na kuufunika mvumo unaofuata. Zilizolegea hapo huifanya ganuni ifanane na udi. Mtu anayelijua hilo kwa sikio lake hahitaji msamiati wa kigeni kulieleza. Al-Farabi, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya muziki katika karne ya 10, hakuridhika na wale walioujenga muziki juu ya hesabu peke yake. Kwake sikio lililolelewa ndilo linaloipa elimu hiyo misingi yake, na akili huipanga baadaye.

Je, shahidi wa sikio anaweza kuthibitishwa? Hume alijibu kwa kisa alichokitoa kwa mwandishi Cervantes. Ndugu wawili wa mhusika wake, Sancho Panza, waliitwa kuonja divai ya pipa moja. Mmoja aliisifu, isipokuwa alihisi ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye aliisifu, ila yeye alihisi chuma. Watu waliwacheka wote wawili. Pipa lilipomiminwa hadi mwisho, chini yake palikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi.

Hedifoni zina kisa chake cha ufunguo. Mwaka 2009 Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 800, zenye vikombe vikubwa kuliko kawaida na kiwambo cha umbo la pete chenye upana wa milimita 56, kilichoinamishwa ili sauti iingie sikioni kutoka mbele kidogo. Wengi walizisifu kwa upana: vyombo vilisikika vikiwa nje ya kichwa, kila kimoja na nafasi yake. Lakini wasikilizaji wengi walilalamikia ukali fulani. Herufi s za mwimbaji zilichoma, matoazi yalikuwa na ukingo wa bati, fidla ilichosha. Wengine waliwajibu kwamba hawakuzoea uwazi, au kwamba amplifaya zao ni mbovu. Vipimo vilivyofanywa kwa kichwa bandia chenye maikrofoni ndani ya masikio vilionyesha mwinuko karibu na kHz 6. Baadhi ya wamiliki walikata vipande vya kitambaa laini na kuvitandika ndani ya vikombe, ukali ukapungua. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ikaingiza sokoni HD 800 S, ikiwa imewekewa kifaa kidogo cha kumeza mwinuko huo. Ufunguo ulikuwamo ndani ya pipa tangu mwanzo, na waliouonja hawakuwa wakisimulia hisia zao za faragha.

Kisa hiki kinafundisha zaidi ya ushindi wa sikio. Walalamikaji walipatia kuhusu kuwapo kwa kasoro, ila sikio peke yake halikuwaonyesha chanzo chake. Sikio hutambua, na chombo cha kupimia hutaja mahali. Mtu anayedharau vipimo anajinyima njia ya kujua kama alichosikia kilikuwa kwenye kifaa au kichwani mwake. Anayedharau masikio anasahau kwamba mwinuko wa kHz 6 ungekuwa mstari tu kwenye karatasi kama usingemchosha mtu.

Adui mkubwa wa ushahidi huu ni jicho. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika kitabu chake cha elimu ya mwanga mwanzoni mwa karne ya 11, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa kuona ni kukisia kwa haraka: akili huongeza ilichokijua zamani juu ya kile jicho linachokipokea sasa, na kwa sababu ya wepesi wake, mtu hadhani kwamba amekisia. Kusikia hakuko salama zaidi. Mwaka 1994 Toole na Olive waliwaita wafanyakazi 40 wa Harman wahukumu spika kadhaa, mara moja bila kuziona na mara nyingine wakiziona. Walipoziona, alama zilibadilika. Spika kubwa za kifahari zilipanda, na za plastiki, ndogo na za bei nafuu, zikashuka, ingawa sauti zake zilikuwa zilezile. Wasikilizaji hawakuwa waongo. Kila mmoja aliandika alichokisikia kweli, na alichokisikia kilikuwa kimekwisha kuguswa na alichokijua.

Katika hedifoni za kifahari mtego huu ni mkali zaidi, maana jicho lina wasaidizi. Alumini huwa baridi mkononi, ngozi ya mito ya masikio hunukia, sanduku lina uzito, na bei ilisomwa kabla ya yote. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 na hakukuta uhusiano kati ya mizani ya masafa na bei ya dukani. Matokeo hayo yanahusu kipimo kimoja tu, wala hayasemi kwamba hedifoni zote ni sawa. Yanatosha hata hivyo kumwondolea mhukumu haki ya kutumia bei kama dalili.

Kuna pia ukubwa wa sauti. Hedifoni zikipaza kidogo tu kuliko zenzake, hata desibeli moja, huonekana kuwa na uwazi na uhai zaidi, na msikilizaji hatambui kwamba tofauti ni ya nguvu tu. Hedifoni hazinyanyui sauti kwa kiasi kimoja. HD 600 za Sennheiser, zenye ukinzani wa omu 300, zitalia chini kuliko nyingine kwenye simu hiyohiyo. Anayechomoa jeki moja na kuchomeka nyingine bila kusawazisha ukubwa wa sauti bado hajaanza kulinganisha chochote.

Dawa inayojulikana ni jaribio ambalo msikilizaji hajui anasikiliza nini, wala msimamizi hajui. Kwa spika jambo hilo hufanyika nyuma ya pazia. Kwa hedifoni haliwezekani kirahisi, kwa sababu kichwa chenyewe kinajua: uzito, mbano na mguso wa mito hutoa siri papo hapo. Olive na wenzake walilizunguka tatizo kwa kutumia jozi moja ya hedifoni na kuigeuza mizani yake kwa programu ili iige hedifoni nyingine moja baada ya nyingine. Njia hiyo ni ya werevu, na imepima vizuri sehemu kubwa ya tatizo. Haipimi yale yanayotokana na umbo la kikombe na namna kinavyokaa kwenye sikio la mtu fulani. Ushahidi safi kabisa juu ya hedifoni kwa hiyo haupatikani, na mwenye kudai kwamba anao anadai zaidi ya uwezo wake.

Lipo gumu jingine ambalo wapenda majaribio hulipitia haraka. Kumbukumbu ya sauti halisi ni fupi sana, sekunde chache, na ndiyo maana kulinganisha kwa haraka kunagundua tofauti ndogo kuliko kusikiliza leo na kukumbuka wiki ijayo. Lakini kulinganisha kwa haraka huzipa ushindi hedifoni zenye besi nene na masafa ya juu yanayong'aa, na hizo ndizo zinazochosha baada ya saa moja. Kuchoka nako ni ushahidi, na hakuji kwa haraka. Mhukumu anayejua kazi yake hufanya yote mawili na kuyaweka mbali: kulinganisha kwa dakika ili kujua tofauti, na kukaa na kifaa kwa wiki ili kujua kama tofauti hiyo inavumilika. Ipo imani iliyoenea kwamba hedifoni mpya zinahitaji kupigishwa saa mia au zaidi ndipo zikomae. Mara nyingi anayebadilika ni msikilizaji, ambaye ubongo wake huzoea mizani ngeni kimya kimya. Kama kuna kinachobadilika kwenye kifaa kwa kiasi cha kusikika, ni mito.

Mito inaingiza suala la uundaji, ambalo wahukumu wengi hulitenga kama jambo la pili. Katika hedifoni za kufunika sikio, umbile na sauti ni kitu kimoja. Mto unaamua umbali wa kiwambo kutoka sikioni na unaziba hewa isivuje. Ukilalia baada ya mwaka au miwili, kiwambo husogea karibu na sikio na mizani ya juu hubadilika. Ukiacha mwanya, besi hutoroka, hasa kwenye hedifoni zilizofungwa nyuma. Mkono wa miwani unatosha kuacha mwanya huo. Nywele za kusuka mstari, rasta, kilemba au mtandio uliopita chini ya mto hufanya hivyo zaidi. Mwanamke anayevaa hedifoni juu ya mtandio na kusema kwamba hazina besi anasema kweli, hata kama kila aliyeandika juu yake alizisifu kwa besi. Waliozisifu walikuwa na vichwa vingine. Kila tathmini ya uundaji ingefaa itaje mambo haya, na ni chache zinazoyataja.

Aristotle alifundisha kwamba wema wa chombo hupimwa kwa kazi yake. Kwa kipimo hicho, mengi yanayosifiwa kuwa uundaji bora hushindwa. Hedifoni za Audeze LCD-2, zenye pete za mbao na sumaku nzito, zilikuwa na uzito wa nusu kilo hivi, na shingo huzijua kabla ya sikio. AirPods Max za Apple, zilizotoka mwaka 2020 kwa chuma na alumini, zina gramu 385 hivi. Metali hutoa picha ya kudumu, lakini uzito wake hulipwa kila dakika na mvaaji. HD 600, zilizotoka mwaka 1997, ni za plastiki kwa sehemu kubwa, na wapo waliozidharau kwa hilo. Tazama zinavyofunguka. Waya huchomolewa kila upande kwa kuvuta. Mto hubanduka kwa vidole, na chini yake kuna sponji nyembamba inayoinuliwa kama kitambaa. Wavu wa chuma wa nje hutoka, na kiwambo kinaweza kushikwa mkononi bila bisibisi. Kila sehemu huuzwa peke yake. Jozi iliyonunuliwa miaka ishirini iliyopita inaweza kuwa inalia leo kwa mito mipya na waya mpya. Kifaa cha namna hiyo kina uadilifu ambao hedifoni zilizogundishwa, zenye betri isiyobadilishika kirahisi, hazinao, hata zikiwa za dhahabu.

Si kwamba urembo wa vifaa ni uongo siku zote. Sony ilipotengeneza MDR-R10 mwaka 1989 ilichonga vikombe vyake kwa mbao za mzelkova wa Japani, na mbao hizo zilikuwa na kazi katika mwitikio wa sauti. Fundi anayechagua malighafi kwa sababu ya sauti anastahili heshima. Kinachotakiwa ni kuuliza, kwa kila skrubu na kila kipande cha ngozi, kinamfanyia nini msikilizaji, na kutoridhika na jibu kwamba kinapendeza kwenye picha.

Masharti ya mwisho ya ushahidi ni ya kimaadili. Fikihi ya Kiislamu inamkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira, na wanazuoni wakaongeza njaa, usingizi na maradhi, kwa kuwa yote hayo huchafua uwezo wa kupambanua. Inamkataza pia kupokea zawadi ya mwenye kesi. Kanuni hizo zingewafaa wanaohukumu hedifoni neno kwa neno. Mwenye mafua husikia kupitia masikio yaliyoziba. Anayesikiliza katikati ya kelele za barabarani husikia besi vibaya. Aliyepewa kifaa na mtengenezaji bila kutakiwa kukirudisha ameguswa, hata kama moyo wake ni safi, na asomaye anastahili kuambiwa. Umri nao ni sehemu ya ushahidi: watu wengi waliopita miaka 60 hawasikii vizuri masafa ya juu ya kHz 12, na hakuna binadamu anayefaidika na matangazo ya kHz 40 au 50 wakati ukomo wa sikio changa ni kama kHz 20. Mzee mwenye uzoefu anaweza kuwa hakimu bora wa sauti ya mwimbaji kuliko kijana, lakini asiape juu ya mng'ao wa matoazi.

Pesa nazo zina haki ya kuulizwa. Hedifoni za Focal Utopia zilipotoka mwaka 2016 ziliuzwa karibu dola 4,000, na mfumo wa Sennheiser HE 1 umefikia makumi ya maelfu. Israfu haianzi kwenye kiwango fulani cha fedha. Inaanzia pale nyongeza ya bei isiponunua chochote ambacho mnunuzi anaweza kukisikia au kukitumia. Mhukumu anayejua kwamba hatua ya mwisho ya ubora ni ndogo na ya gharama kubwa, akanyamaza ili asimuudhi mwenye bidhaa, amekula amana ya msomaji.

Mwanazuoni al-Ghazali aliweka ndani ya kitabu chake Ihya Ulum al-Din sehemu nzima juu ya kusikiliza, na hakutoa hukumu moja kwa wote. Aliangalia nini kinasikilizwa, nani anasikiliza na moyo wake ukoje. Mpangilio huo unawafaa hata wasiomfuata. Upo usikilizaji ambao muziki umekuwa kisingizio tu, mtu akirudia sekunde kumi zilezile za wimbo kutafuta mgongano wa vidole na nyuzi, na wimbo haumfiki tena. Mhukumu hulazimika kufanya hivyo kwa muda, kama sehemu ya kazi. Akibaki hapo, amepoteza uwezo wa kujua kama kifaa kinafanya kazi kiliyoundiwa, maana yeye mwenyewe haifanyi tena. Hedifoni zilizofaulu hutambuliwa, miongoni mwa mambo mengine, kwa kusahauliwa kichwani wimbo unapoendelea.

Shahidi huyu anategemea kiungo kisichojijenga upya. Seli za vinyweleo ndani ya sikio la ndani zikifa hazioti tena, na zinazokufa kwanza kwa kelele ni za masafa ya juu, yaleyale ambayo hukumu za hedifoni hutegemea sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa hiyo anayetaka kuhukumu sauti kwa miaka mingi ashushe sauti leo, kabla ya kununua chochote.